Kinubi na Mkuki: Somo kwa Kamati za Sharika kuhusu Muziki, Sanaa na Amani kwa Vijana



Ofisi ya Miradi imeombwa kuandaa somo la toleo hili juu ya matumizi ya muziki na sanaa katika kuhimiza amani miongoni mwa vijana. Sababu ya ombi hilo inafahamika. Katika vikao vya bajeti, kamati kadhaa zimeuliza kama kifungu cha "Vijana, Muziki na Amani" kiendelee au kifutwe, na fedha zake zipelekwe kwenye visima na mapaa ya makanisa. Swali hilo ni la haki. Sitaki kulijibu kama mwenye duka anayetetea bidhaa yake. Napenda tulitazame jambo lenyewe pamoja, tukianzia na siku ambayo muziki wetu haukuleta amani hata kidogo.

Tamasha letu la kwanza

Wasomaji wa muda mrefu watakumbuka picha tuliyoitoa ukurasa wa mbele: kwaya zimejipanga, mgeni rasmi yuko katikati, na vijana wamevaa fulana nyeupe zenye maandishi "Vijana kwa Amani". Chini ya picha tulitaja idadi ya kwaya, idadi ya vijana na idadi ya fulana. Taarifa hiyo hiyo ndiyo iliyokwenda kwa wafadhili. Kila tarakimu ilikuwa sahihi. Lakini haikusema kilichotokea saa kumi na moja jioni, baada ya mgeni rasmi kuondoka. Aliyeiandika ni mimi.

Kwa wasomaji walio mbali, nieleze hali yetu kwa ufupi. Tuna sharika za bondeni ambako watu hulima mpunga na mahindi, na tuna mitaa ya wafugaji, wengi wao Wamaasai, wanaoteremsha ng'ombe wakati wa kiangazi kutafuta maji na majani. Ugomvi wa mazao na malisho ni wa miaka mingi. Kila mmoja wetu anakumbuka yaliyotokea wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, Desemba 2000, ambako zaidi ya watu 30 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Baada ya habari kama hizo, wazo la kuwaleta vijana wa pande zote mbili waimbe pamoja lilionekana kuwa jema, na bado naamini ni jema. Kosa lilikuwa katika namna tulivyoliandaa.

Tuliandaa mashindano. Kila kwaya iliimba wimbo wa lazima kutoka Mwimbieni Bwana, kwa sauti nne, kwa kufuata noti. Kisha iliimba wimbo wa hiari, kwa Kiswahili, usiozidi dakika tano. Kwaya ya vijana wa Kimaasai haikuwa na mwalimu anayesoma noti. Walipoimba wimbo wao wa hiari, kiongozi akitangulia na wenzake wakimwitikia kwa sauti nzito za kifuani, uwanja mzima ulisimama kuwatazama, na wageni wetu walipiga picha nyingi. Lakini karatasi za waamuzi ziliwaweka wa mwisho. Kwanza ilikuwa kwaya moja ya bondeni, nayo kwa kweli ilikuwa imefanya mazoezi mazuri.

Matokeo yalipotangazwa, vijana wa bondeni walipanda lori lao wakiimba. Hawakuimba wimbo wa Kanisa. Walitunga papo hapo maneno ya kuwacheka watu waliokuja kurukaruka na kurudi mikono mitupu. Kilichofuata mnaweza kukikisia. Kijana mmoja wa bondeni alipasuliwa kichwa kwa rungu, na kijana mmoja wa Kimaasai alivunjwa vidole viwili kwa ubao wa lori. Wote wawili niliwapeleka zahanati kwa gari la mradi, mmoja kiti cha mbele na mwingine nyuma, na njia nzima hakuna aliyesema neno. Wote wawili walikuwa bado wamevaa fulana zetu.

Wiki iliyofuata niliandika taarifa niliyoitaja. Nilijiambia kwamba yaliyotokea nje ya uwanja hayakuwa sehemu ya ratiba.

Tusome: 1 Samweli 16:14–23 na 18:5–11

Naomba kila kamati isome sehemu hizi mbili katika kikao kimoja, maana tumezoea kuzisoma mbalimbali.

Sehemu ya kwanza tunaipenda sana walimu wa kwaya. Mfalme Sauli anasumbuliwa rohoni, analetewa Daudi, Daudi anapiga kinubi, na mfalme anapata nafuu. Mahubiri mengi ya siku ya kwaya hutoka hapo. Tunahitimisha kwamba muziki huponya, kisha tunapitisha sahani ya sadaka kwa ajili ya kinanda.

Sehemu ya pili hatuihubiri mara kwa mara. Majeshi yanarudi vitani. Wanawake wanatoka mijini kuwalaki, wakiimba na kucheza kwa matari. Ni shangwe halali, hakuna anayemtukana mtu. Lakini wimbo wao unapanga watu wawili kwenye mizani: huyu amepewa maelfu, yule amepewa makumi ya maelfu. Sauli anausikia na tangu siku hiyo anamtazama Daudi kwa jicho la wivu. Kesho yake Daudi anapiga kinubi kama ilivyokuwa desturi yake, kwa mkono ule ule na mbele ya mfalme yule yule, lakini safari hii mkononi mwa Sauli kuna mkuki, naye anautupa.

Tuyatafakari hayo mawili pamoja. Kinubi hakikubadilika, wala mpigaji hakubadilika. Kilichoingia kati ya sura ya 16 na sura ya 18 ni wimbo mwingine uliowapanga watu katika makundi mawili na kuhesabu nani ni zaidi. Baada ya wimbo huo, hata muziki uliokuwa dawa haukufaa kitu.

Nilipoyasoma haya miezi michache baada ya tamasha, niliwakumbuka waamuzi wetu na karatasi zao. Tulikuwa tumechukua pande mbili zinazogombana juu ya ardhi, tukazipandisha jukwaani kama pande mbili, tukazipa alama, na mwishowe tukatangaza kwa kipaza sauti ni upande gani ulio bora. Maelfu na makumi ya maelfu tuliyahesabu sisi wenyewe.

Baadhi ya wazee wamenijibu kwamba mashindano ni kawaida ya vijana, na kwamba ngoma zetu za asili zimejaa mashindano. Ni kweli. Wasukuma wana vyama vyao vya Bagika na Bagalu, ambavyo hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Hakuna karatasi ya alama pale, miguu ya watazamaji ndiyo huamua. Sisemi kwamba kushindana ni dhambi. Ninachosema ni kwamba katika ngoma hizo ndugu wawili wa kijiji kimoja wanaweza kuwa katika vyama viwili, kesho wakalima pamoja. Sisi tulishindanisha pande zile zile ambazo kesho yake zingekutana kwenye shamba lililoliwa.

Kuna jambo jingine lililoniaibisha. Kanuni zetu ziliufanya uimbaji wa Kimaasai uonekane duni kwa sababu haukuandikwa kwa noti. Kanisa letu lilikwisha kujifunza somo hilo zamani. Makumira, miaka ya 1960, mmisionari Howard Olson aliwatia moyo wanafunzi wa theolojia watumie tuni za makabila yao kumsifu Mungu, na kutoka katika kizazi hicho tulipata "Mfurahini, Haleluya" wa Mchungaji Bernard Kyamanywa, ambao leo unaimbwa katika makanisa ya nchi nyingi nje ya Afrika. Tunajivunia wimbo huo wageni wanapokuja. Kisha wageni wakiondoka, tunawapunguzia alama vijana wa mtaa wa pili kwa kuimba kama babu zao.

Somo kutoka Arusha

Wapo wanaodhani nakuza jambo dogo, kwamba wimbo wa kejeli kwenye lori ni utani wa vijana tu. Kwao naomba tukumbuke kesi iliyoamuliwa hapa hapa nchini kwetu.

Simon Bikindi alikuwa mwimbaji na mtunzi maarufu sana wa Rwanda, kiongozi wa kikundi cha muziki na ngoma kilichoitwa Irindiro. Aliwahi pia kuwa mtumishi wa wizara iliyoshughulikia vijana. Nyimbo zake zilipendwa kwa sababu zilikuwa nzuri. Kabla ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 alikuwa ametunga nyimbo zilizosimulia historia ya nchi kwa namna ya kuwaunganisha Wahutu dhidi ya Watutsi, na redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993 na kuwavutia vijana kwa muziki wake, ilizipiga mara kwa mara. Bikindi alikamatwa Uholanzi mwaka 2001 akaletwa Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Yeye mwenyewe alijitetea kwamba nyimbo zake zilihimiza amani.

Hukumu ilitolewa tarehe 2 Desemba 2008, nayo inafaa kusomwa kwa makini. Mahakama ilikubali kwamba nyimbo hizo zilitumika katika propaganda ya chuki, lakini haikuridhika kwamba imethibitishwa kuwa alizitunga akikusudia mauaji ya kimbari. Alitiwa hatiani kwa jambo lingine. Mwishoni mwa Juni 1994, katika barabara ya Kivumu kwenda Kayove, alikuwa katika msafara wa Interahamwe, ndani ya gari lenye vipaza sauti vilivyokuwa vikipiga nyimbo, zikiwemo zake. Kupitia vipaza sauti hivyo aliwahimiza watu waue. Alihukumiwa kifungo cha miaka 15, rufaa yake haikufaulu mwaka 2010, naye alifariki mwaka 2018.

Kuna mambo mawili ninayoyaona hapo kwa ajili yetu. La kwanza, wimbo unaweza kukaa miaka kadhaa ukiwa burudani, huku ukiwazoesha watu kuhesabu nani ni wetu na nani si wetu. Siku ya hatari ikifika, hesabu imekwisha kufanyika zamani. La pili, mtu anaweza kusema kwa kinywa chake kwamba anaimba amani. Neno "amani" katika wimbo, au kwenye fulana, halithibitishi kitu.

Somo kutoka Rwanda na Kongo

Nchi hiyo hiyo ya Rwanda imetupa mfano wa pili, na huu unatia moyo. Mwaka 2004 shirika la La Benevolencija lilianza kurusha mchezo wa redio kwa Kinyarwanda uitwao Musekeweya. Ni hadithi ya vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vilivyo juu ya vilima viwili na kugombea ardhi ya bonde lililo kati yao. Kuna kiongozi mchochezi, na kuna msichana na mvulana wa vijiji hivyo viwili wanaopendana na kuwashawishi vijana wenzao wakatae vita. Makabila hayatajwi. Kila msikilizaji alijua kinachozungumzwa, lakini hakuna aliyelazimika kujitetea.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha vikundi vilivyosikiliza mchezo huo kwa mwaka mzima na vikundi vilivyosikiliza mchezo mwingine uliohusu afya. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2009, yaliwashangaza wengi. Imani binafsi za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona desturi ya jamii yao, yaani jambo gani linafaa kusemwa na kutendwa miongoni mwao, na pia matendo yao wenyewe. Mwishoni kila kikundi kiliachiwa radio kaseti moja na kanda za mchezo. Katika vikundi vya mchezo wa afya, kwa kawaida mtu mmoja alipendekeza vifaa vikabidhiwe kwa kiongozi wa eneo, wengine wakakubali, mambo yakaisha. Katika vikundi vya Musekeweya mara nyingi alitokea mtu wa kupinga, wakajadiliana, wakaona wanaweza kuvitunza wenyewe kwa zamu.

Kwa sisi tunaoandika malengo ya miradi, hili ni jambo la kuzingatia. Tumezoea kuandika kwamba "mitazamo ya vijana itabadilishwa". Pengine tunaahidi kitu kigumu kuliko vyote, na tunasahau kuangalia kitu kilicho karibu zaidi: kijana anaweza kubaki na mtazamo wake juu ya Wamaasai au juu ya wakulima, lakini akajua kwamba katika kundi lake si jambo la sifa tena kushika panga kwanza.

Mtafiti huyo huyo alikwenda pia mashariki ya Kongo, ambako kulikuwa na mchezo wa redio ulioitwa Kumbuka Kesho. Baadhi ya maeneo yalisikia mchezo tu. Mengine yalisikia mchezo pamoja na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Ungetarajia waliojadiliana wafanye vizuri zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kinyume. Walijadiliana zaidi, ndiyo, lakini walikumbuka zaidi manung'uniko yao na walivumiliana kidogo zaidi. Walipopewa chumvi kama zawadi na kuulizwa kama wangependa kumgawia mtu wa kundi wasilolipenda, hao waliohimizwa kujadiliana ndio waliokuwa wagumu kutoa.

Niliposoma habari ya chumvi ile, nilielewa kilichotupata katika jaribio letu la pili.

Tulichofanya baada ya hapo

Baada ya kukiri mbele ya kamati ya dayosisi yaliyotokea kwenye tamasha (wafadhili nao waliandikiwa barua, na nawashukuru kwamba walijibu kwa upole), tuliacha mashindano. Badala yake tulichagua vijana kutoka sharika mbili, nusu kwa nusu, tukawaomba watunge wimbo mmoja na mchezo mmoja wa kuigiza. Wasingepata chochote jukwaani bila wenzao.

Wimbo ulikuwa kazi kubwa kuliko tulivyodhani. Vijana wa bondeni walitaka kwanza wagawane sauti nne. Kiongozi wa uimbaji wa Kimaasai, ambaye kwao huitwa olaranyani, hakuelewa kwa nini mtu afungwe kwenye sauti moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Siku mbili hazikuzaa kitu. Siku ya tatu mwalimu wa kwaya, baada ya kuchoka, alimwambia olaranyani aanze apendavyo, na wenye besi wa bondeni wakaambiwa washike zile sauti za kifuani pamoja na Wamaasai. Hawakuziweza. Walikohoa, walichekwa, wakafundishwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Wamaasai wale kuwa walimu wa mtu yeyote wa bondeni, na mazoezi yalikwenda vizuri tangu saa hiyo.

Mchezo ulihusu ndama aliyeingia shambani usiku wakati mtoto mchungaji amesinzia. Njia yenyewe si mpya. Miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Penina Mlama, waliitumia vijijini, kwa mfano Malya na Msoga: wanakijiji wenyewe huchunguza tatizo lao, huliigiza, kisha hulijadili. Sisi tuliongeza sharti moja, kwamba mkulima aigizwe na kijana wa wafugaji, na mfugaji aigizwe na kijana wa wakulima.

Hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko katika semina zote nilizohudhuria. Kijana wa bondeni alipoambiwa awaongoze ng'ombe, alitembea nyuma yao akipiga kelele kama anayepeleka mbuzi mnadani, na wenzake wa Kimaasai walicheka hadi wakakaa chini. Mmoja wao alimfundisha mluzi, akamweleza jinsi kila ng'ombe anavyotambulika kwa rangi na pembe, na jinsi mtoto aliyepoteza ndama anavyoogopa kurudi nyumbani. Kwa upande wa pili, kijana wa Kimaasai aliyeigiza mkulima alitakiwa ataje hasara ya ekari moja. Alitaja kiasi kidogo sana. Wenzake wa bondeni walimhesabia: kulima, mbegu, palizi ya kwanza, palizi ya pili, kulinda ndege na ngedere, na deni la dukani. Alisikiliza, kisha akasema alidhani mahindi yakishapandwa huota yenyewe kama majani. Tulicheka, lakini maneno hayo yaliingia kwenye mchezo kama yalivyo.

Onyesho la kwanza lilifanyika kwenye uwanja wa shule. Mchezo ulisimamishwa pale mkulima anapomshika mtoto mchungaji mkono, panga likiwa chini. Nikachukua kipaza sauti nikasema sasa ni wakati wa mjadala huru. Hilo lilikuwa kosa la pili, nalo pia ni langu. Mzee mmoja alisimama akaanza kuhesabu mazao yaliyoliwa tangu enzi za baba yake. Mwingine akamjibu kwa kuhesabu ng'ombe waliokatwa kwa mapanga. Baada ya nusu saa vijana walioigiza pamoja walikuwa wamejitenga, kila mmoja kwa wazee wake. Ni kama ile chumvi ya Kongo.

Siku hizi hatufungui uwanja namna hiyo. Mwezeshaji haulizi nani ana makosa, wala haulizi watu wanaonaje. Anauliza swali moja tu: mkulima huyu, akiwa amemshika mtoto huyu, afanye nini sasa hivi? Mwenye jibu halisemi akiwa amekaa. Anaingia uwanjani, anachukua nafasi ya mwigizaji na kulitenda. Ni njia aliyoieneza Augusto Boal wa Brazili, na imetufaa kwa sababu ni vigumu kutoa hotuba ya manung'uniko ukiwa umemshika mtoto mkono. Wazee tunawasikiliza siku nyingine, kwa utaratibu wao, bila jukwaa.

Matunda, na mahali ambapo hakuna matunda

Marafiki wanaotusaidia wana haki ya kujua kama hayo yote yamepunguza kitu. Nitasema ninayoyajua.

Katika kijiji kimoja, kiangazi kilichofuata, ng'ombe waliingia kwenye mpunga alfajiri. Kijana wa kwanza kuwaona hakupiga yowe. Alimpigia simu mwimbaji mwenzake wa upande wa pili, na ng'ombe wakaondolewa kabla watu hawajakusanyika. Hasara ilitathminiwa kwa mtendaji wa kijiji, na fidia ikalipwa kwa awamu mbili. Nilipomuuliza kwa nini alipiga simu badala ya yowe, alinijibu kwamba namba alikuwa nayo. Zilikuwa zimeandikishwa kwenye mazoezi, kwa ajili ya kupeana habari za usafiri.

Katika kijiji kingine walipigana kama kawaida, na wawili kati ya wapiganaji walikuwa waimbaji wetu. Pale tulikuwa tumefanya mazoezi mara tatu tu, kwa sababu fedha za nauli zilikwisha. Siwezi kudai kwamba mazoezi zaidi yangezuia ugomvi. Aidha, wimbo hauchimbi lambo wala haupimi mapito ya mifugo. Mahali ambapo ng'ombe hawana njia ya kufikia maji bila kupita shambani, vijana wakiimba vizuri namna gani watagombana tena. Kwa hiyo kamati zinazosema fedha ziende kwenye maji hazijakosea kuhusu maji. Ningependa tu lambo likichimbwa, wanaopanga zamu ya kulitumia wawe watu ambao wamekwisha kufanya kazi pamoja.

Kwa kamati zinazotaka kuanza

Gharama kubwa iwe muda wa vijana kukaa pamoja, yaani nauli na chakula. Mazoezi yafanyike kwa zamu, wiki hii bondeni na wiki ijayo kwa wafugaji, ili kila upande uonje ugeni. Upande mmoja ukiwa mwenyeji siku zote, ule mwingine utabaki mwalikwa. Msimu mzuri ni baada ya mavuno, kabla mifugo haijateremka, maana nje ya hapo mtawapata wakulima wakiwa kwenye palizi au vijana wa ng'ombe wakiwa mbali. Saa za mazoezi wapangiwe na wasichana wa pande zote, si wavulana. Tuliwahi kuweka saa kumi jioni, na wasichana wa Kimaasai hawakuonekana hata mmoja. Hakuna aliyewakataza, bali ni saa ya kukamua.

Maneno ya nyimbo yasomwe na kamati ya pamoja kabla ya onyesho. Msitafute matusi tu. Tafuteni ile hesabu ya 1 Samweli 18: je, kuna mahali wimbo unasema sisi ni zaidi ya wao? Sikilizeni pia yanayoimbwa kwenye lori wakati wa kurudi, maana hayo ndiyo vijana wanayoyatunga wenyewe.

Kuhusu taarifa, kuanzia mwaka huu Ofisi ya Miradi itapokea taarifa mbili kwa kila usharika: ya kwanza mara baada ya onyesho, na ya pili miezi sita baadaye, kiangazi kikiwa kimepita. Hiyo ya pili ieleze ugomvi uliotokea, nani alimwita nani, na uliishaje, hata kama majibu hayapendezi. Wafadhili wetu wamekubali utaratibu huo.

Kamati zijadili maswali haya na kuyaandikia majibu mafupi. Katika usharika wenu, ni shughuli zipi za vijana zinazowapanga kwa makundi yale yale yanayogombana nje ya Kanisa? Ni lini mara ya mwisho kijana wa upande wenye sauti ndogo alikuwa mwalimu wa mwenzake? Na yule Sauli aliyeusikia wimbo wa wanawake, ni nani angepaswa kukaa naye jioni ile kabla hajashika mkuki?

Majibu yatumwe kwa Ofisi ya Miradi kupitia wakuu wa majimbo kabla ya kikao cha bajeti. Kifungu cha fulana tumekwisha kukifuta. Kifungu cha nauli na chakula cha mazoezi tunaomba kibaki.